Rangi Ambayo Musembi Hakuiona

Annah Kitonga anauza mboga pale mtaa wa Satellite, karibu na kanisa. Ana sukuma wiki, vitunguu, dania na nyanya. Siku za Jumamosi mwanawe Musembi alikuwa akimsaidia kibandani. Wateja wa hapo walijua jambo moja: ukihudumiwa na Musembi, angalia nyanya zako kabla hujaondoka.

"Musembi, hii si ni mbichi?" mteja angesema.

"Pole mama. Ngoja nikubadilishie."

Annah alikuwa akicheka. "Huyu kijana wangu akili yake iko kwa vitabu. Mniwie radhi."

Lakini Annah alijua kwamba vitabu havikuwa na kosa. Tangu utotoni Musembi hakuweza kutenganisha nyekundu na kijani. Kwake nyanya iliyoiva na nyanya mbichi zilifanana. Mama yake alimfundisha kuzibonyeza kwa kidole, laini huku, ngumu kule. Hawakuwahi kumpeleka kwa daktari wa macho. Lilikuwa jambo la nyumbani, likabaki nyumbani.

Musembi alitaka kuwa muuguzi. Alianza kuitamani kazi hiyo alipomuuguza susu wake, yaani mama yake Annah, kule Machakos. Alimgeuza kitandani, alimwosha, alimlisha uji kwa subira. Mikono yake ilikuwa na nguvu na maneno yake yalikuwa ya upole. Kwa hivyo chuo cha uuguzi kilipomwita, nyumba nzima ilishangilia.

Furaha hiyo ilikatika walipoambiwa kwamba kila mwanafunzi lazima apimwe afya kwanza. Angepimwa masikio, mgongo na macho.

Stellah, dada yake mkubwa, alikuwa amepimwa kwenye kliniki hiyo hiyo mjini alipokwenda kusomea kazi ya maabara. Alieleza mambo yalivyo.

"Wanakuonyesha kitabu kina vidoti vya rangi. Ndani ya vidoti kuna namba. Wewe unasoma tu namba."

"Mimi sitaona kitu hapo," Musembi alisema.

Baba yao, Mzee Kitonga, akaweka kikombe chini.

"Si tumwambie huyo daktari ukweli?"

"Ukweli gani, Baba Stellah?" Annah aliuliza. "Ndio wamrudishe hapa tubonyeze nyanya pamoja? Stellah, una rafiki anafanya pale. Hizo namba zinafuatana vipi?"

Stellah alizileta zote, ukurasa kwa ukurasa.

Sasa, katika nyumba hiyo kuna desturi nzuri. Baada ya sala ya jioni, kila mtoto husema mstari wa Biblia aliokariri. Kabla ya siku ya kupimwa, mstari wa Musembi ukawa zile namba. Annah alifumba macho akimsikiliza, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Akikosea, anarudia. Akimaliza, wote wanasema amina. Mimi ninayewasimulia nawaheshimu sana watu wanaosali, lakini amina ile haikuwa na mahali pake.

Musembi alisoma namba zote bila kukosea. Daktari akampitisha. Jumapili iliyofuata familia ilitoa shukrani kanisani, kisha wakala chapati na kuku.

Chuoni, mwalimu wao alikuwa Bi. Waringa, mama wa makamo aliyefanya kazi wodini kwa muda mrefu kabla ya kufundisha. Siku ya kwanza alisimama mbele ya darasa akanyoosha mikono yake.

"Muuguzi anafanya kazi na mwili mzima," alisema. "Macho yanaona ngozi na midomo ikibadilika rangi. Masikio yanasikia pumzi, na yanasikia kengele ya mgonjwa. Mikono inashika mapigo ya damu. Mgongo unamwinua mtu kutoka kitandani. Na mdomo lazima uweze kusema, hata kusema 'sijui'. Kama kuna kitu mwili wako hauwezi, njoo uniambie mapema. Mlango wangu uko wazi."

Musembi aliangalia sakafu. Moyo ulimwambia aende. Jioni akampigia mama yake simu.

"Mum, nataka kumwambia mwalimu."

"Usithubutu! Umeshaingia. Nyamaza tu, Mungu atakusaidia."

Musembi alimtii mama yake. Mtoto kumtii mama ni vizuri, lakini siku hiyo natamani asingemtii.

Baada ya muda wanafunzi walipelekwa hospitali moja ya Parklands kujifunza kazi. Musembi akapangiwa wodi ya wanaume pamoja na mwenzake aliyeitwa Mukai. Huko alipendwa mara moja. Wagonjwa walimwita daktari, ingawa aliwaambia bado ni mwanafunzi.

Aliyempenda zaidi ni Mzee Wahome. Mzee huyu ana nyumba za kupangisha kule Riruta. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Baada ya upasuaji huo mgonjwa huwekewa mpira wa kutoa mkojo, na mkojo huingia kwenye mfuko ulioning'inizwa kando ya kitanda. Mwanzoni mkojo huwa na damu kidogo, kisha hupauka polepole. Ukianza kuwa mwekundu zaidi, huenda mgonjwa anavuja damu ndani.

Sista wa zamu, yaani muuguzi msimamizi, alimwonyesha Musembi ule mfuko.

"Utauangalia huu. Ukizidi kuwa mwekundu, niite hapo hapo. Tumeelewana?"

"Sawa, sista."

Sista akaenda kwa wagonjwa wengine. Musembi alibaki na mzee, wakaongea juu ya mvua na wapangaji wasumbufu. Kila mara aliangalia mfuko. Aliona umekuwa mweusi-mweusi kidogo, wa kahawia. Akawaza kwamba mzee hajakunywa maji ya kutosha. Akawaza tena kwamba huenda si hivyo. Mukai alikuwa kitanda cha pili tu. Ilitosha kumwambia, "Mukai, hebu niangalizie hii." Lakini Mukai angeuliza kwa nini yeye mwenyewe haoni. Musembi akamimina maji kwenye glasi.

"Kunywa, guka. Maji yatakusaidia."

Mzee akafurahi kuitwa guka, yaani babu, akanywa.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, akaja Wangu, binti ya mzee. Alimsalimia baba yake, kisha akainama akautazama mfuko.

"Daktari, hii rangi iko sawa kweli?"

"Iko sawa, mama. Ni mkojo mzito tu. Mwambie aendelee kunywa maji."

"Lakini jana haikuwa hivi. Mimi naona imezidi."

"Usiwe na wasiwasi. Ni kawaida."

Wangu alimwangalia yule kijana na sare yake safi, akamwamini. Akavuta kiti akakaa.

Punde mzee akasema anasikia baridi. Musembi akamwongezea blanketi. Paji la uso wake lilikuwa na jasho, na Wangu akalifuta kwa leso. Mzee akasema kichwa ni chepesi. Kisha Wangu akamwuliza kitu, naye hakujibu.

"Baba! Baba! Daktari, njoo!"

Sista alikuja mbio. Aliuona mfuko kabla hajafika kitandani.

"Musembi, hii ni damu! Ulikuwa unaangalia nini muda huu wote?"

Musembi alisimama pale na jagi la maji mkononi huku mzee akisukumwa kurudishwa chumba cha upasuaji.

Madaktari walizuia damu, wakamwongezea nyingine. Mzee Wahome hakufa. Lakini alikuwa amepoteza damu kwa muda mrefu, na katika umri wake mwili haurudi haraka. Zamani alipanda ngazi za majumba yake bila kupumzika. Sasa anatembea akishika ukuta, na Wangu humshika mkono wa pili.

Siku hiyo hiyo Musembi alibisha kwenye ule mlango ulioachwa wazi tangu siku ya kwanza. Alimweleza Bi. Waringa yote, nyanya, namba, na amina. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni akasema, "Niitie wazazi wako."

Annah na Kitonga walifika chuoni wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Annah hakungoja kukaribishwa kiti.

"Mwalimu, tafadhali usimfukuze. Kosa ni langu. Mimi ndiye nilimfundisha."

"Keti kwanza, Mama Musembi," Bi. Waringa alisema. "Nataka uelewe jambo. Kutotenganisha nyekundu na kijani si uvivu, na si laana. Mtu anazaliwa hivyo. Wanaume wengi wako hivyo kuliko wanawake. Mara nyingi wanarithi hali hiyo kupitia kwa mama, na huyo mama mwenyewe anaona rangi zote vizuri. Kwenu kuna mwanamume mwingine wa namna hii?"

Machozi yakaanza kumtoka Annah.

"Kaka yangu Masila," alisema. "Tulikuwa na kahawa nyumbani. Yeye alichuma mbivu na mbichi pamoja, kila siku. Baba alimchapa sana. Sisi wote tulimwita mvivu. Mpaka leo anaitwa hivyo."

Kitonga alimshika mkewe bega.

"Mwalimu, tungekuambia mapema, si ungemkataa?" aliuliza.

"La. Ningemtuma kwa daktari wa macho, tujue anaona nini na haoni nini. Nina mwanafunzi hapa hasikii vizuri. Alisema mapema. Anatumia kifaa cha kusikilizia mapafu kinachokuza sauti, na sisi tukiongea naye tunamtazama usoni. Mwingine mgongo wake ni mbovu. Hamwinui mgonjwa peke yake, anaita wenzake na wanatumia shuka. Musembi naye tungempa njia zake. Asiamue jambo la rangi peke yake, amwite mwenzake. Ashike mapigo. Apime presha. Aguse ngozi kama ni baridi. Amsikilize mgonjwa na watu wake. Labda kuna kazi chache tungemwambia asizifanye kabisa, na hilo pia ni vizuri kulijua mapema."

Kisha akamgeukia Musembi.

"Mzee alikuambia anasikia baridi. Alikuwa na jasho. Alisema kichwa ni chepesi. Binti yake alikuuliza mara mbili. Hayo yote hayahitaji macho ya rangi. Uliogopa kujulikana, na hofu ikakuziba hata masikio."

"Ndiyo, mwalimu," Musembi alisema kwa sauti ndogo.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa nusura kimuumbue mtu mwingine, ambaye hakuficha chochote."

Chuo kilimtoa Musembi wodini, kikamwamuru apimwe macho upya na arudie mwaka. Stellah alikwenda mwenyewe kliniki akaeleza alivyofanya, ili kitabu kile kibadilishwe mpangilio. Annah alimpigia kaka yake Masila simu, akaomba msamaha, wakalia wote wawili.

Iliyobaki ilikuwa safari ya Riruta, nyumbani kwa Mzee Wahome. Annah alibeba sukari, majani ya chai na unga, kama tunavyofanya tukienda kumwona mgonjwa. Wangu aliwafungulia mlango akasimama pale pale.

"Nimekuja kusema ukweli," Musembi alisema. "Mimi sioni nyekundu vizuri. Siku ile ulipouliza, sikujua jibu. Nilikudanganya."

Wangu aliendelea kushika mlango.

"Mimi nilikuwa naona," alisema. "Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa sababu yako. Sasa nikilala najiuliza mbona sikupiga kelele. Ungesema tu hujui! Ni neno dogo."

"Mwanangu, mimi ndiye nilimwambia afiche," Annah alisema. "Nihukumu mimi."

Wangu aliwapisha waingie. Mzee Wahome alikuwa ameketi karibu na dirisha, blanketi magotini. Alimtazama Musembi kwa muda kabla ya kumtambua.

"Ni wewe uliyenipa maji," alisema, akampa mkono. Mkono huo ulikuwa mwepesi sana. Musembi angependelea matusi.

Mwaka uliofuata Musembi alirudi wodini. Kila alipoanza zamu aliwaambia wenzake, "Jameni, mimi nyekundu na kijani zinanichanganya. Nitawaita." Mwanzoni Mukai, aliyekuwa sasa mbele yake kwa mwaka mzima, alimtania kuhusu soksi zake za rangi tofauti. Baadaye ikawa kawaida.

Siku moja alimhudumia mama mmoja aliyepasuliwa tumbo. Dada wa mgonjwa aliinua shuka kidogo.

"Daktari, hii bandeji iko sawa kweli?"

Musembi aliinama akashika kifundo cha mkono cha mgonjwa. Mapigo yalikuwa yanakimbia. Kiganja kilikuwa baridi.

"Dada, mimi rangi hiyo siioni vizuri," alisema. "Wewe unaona nini?"

"Naona ni nyekundu, na inazidi kutanuka."

"Asante kwa kuniambia. Mukai! Mukai, njoo hapa! Na sista aitwe sasa hivi!"

Mukai alitazama mara moja, akakimbia. Damu ilizuiwa mapema. Mgonjwa hakuhitaji hata kurudi chumba cha upasuaji, na siku ya kwenda nyumbani alitembea mwenyewe, akikataa kiti cha magurudumu. Musembi alimsindikiza mpaka kwenye lango. Dada wa mgonjwa alimshika Musembi mikono yote miwili akamshukuru.

"Wengine wangesema ni kawaida," alisema.

Musembi aliwaaga, akasimama langoni mpaka gari lao likaondoka. Kisha akatafuta mahali pasipo na watu, nyuma ya chumba cha kufulia shuka, akamlilia Mzee Wahome, ambaye bado alitembea akishika ukuta.