Dakika Kumi za Baba

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, na kibanda changu kipo karibu na soko hapa Babati mjini. Kazi yangu ni kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Nazigeuza ziwe ndogo ili ziingie nyingi. Kwa hiyo sikuponzwa na kitu nisichokijua... Nimejimaliza kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe! Na hasira niliyonayo, ndugu zangu, hata kusali nashindwa.

Baba yetu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Kuandika akawa hawezi tena. Mwaka mzima nilikuwa nafunga kibanda mapema naenda kwao kijijini Nakwa kusaidiana na mama kumwogesha na kumlisha. Kaka yangu, Baba Joshua, anakaa hapo Sigino tu, lakini kumwona ilikuwa kwa bahati.

Siku moja baba akatuita chumbani, mama, kaka na mimi. Akasema anaacha wasia kwa mdomo, nimrekodi. Nikaazima rekoda ya kwaya yetu. Aliongea taratibu, karibu nusu saa. Akasalimia ukoo, akaeleza alivyolifyeka shamba lake, akatuombea. Mwisho kabisa ndipo akasema nyumba na shamba ni vya mama, asihamishwe na mtu mpaka kufa kwake. Kaka alikuwa amekaa kwenye stuli, miguuni pa kitanda. Akaitikia, "Nimesikia, baba." Kwa mdomo wake!

Hata mwezi haukuisha, baba akafariki.

Baada ya mazishi kaka akanipigia. Akasema ndugu walio mbali wanataka kuusikia wasia, niurushe kwenye grupu la ukoo. Lakini rekoda ile hutoa faili la WAV, sauti safi isiyobanwa, zito ajabu. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa nyimbo mpaka inagoma. Nikaingia kwenye tovuti moja ya bure, nikapakia faili, nikabonyeza, ikanirudishia MP3 nyepesi. Nikaifungua nihakikishe. Baba akakohoa, akasema, "Bwana Yesu asifiwe..." Machozi yakanitoka, nikazima. Ningewezaje kuendelea, na kaburi lilikuwa bado bichi?

Nikaituma. Kwaya walikuwa wanaidai rekoda yao, nikafuta kila kitu nikawarudishia. Kwenye kompyuta nako nikafuta, nipate nafasi ya nyimbo za wateja. Nyimbo, jamani!

Kaka akajibu kwenye grupu kwamba wamepokea, tusiisikilize mmoja mmoja, tungoje siku ya kikao. Wote wakaitikia amina. Nami nikaona kaka amekuwa na busara. Mjinga mimi!

Siku ya kikao, kabla hatujaingia sebuleni, nilimshika mama mkono. Nikamwambia, "Mama, usibishane na mtu. Wewe nyamaza tu, maneno yote ya baba yamo humu." Baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao. Akamwuliza mama kama ana neno. Mama akatikisa kichwa. Akamwuliza tena. Mama akasema hana.

Ndipo kaka akatoa simu. "Wazee wangu, tuvumiliane, ni dakika kumi tu."

Dakika kumi? Na baba aliongea karibu nusu saa! Alijuaje, kama hakuwa ameisikiliza?

Baba akasalimia. Akaanza habari za shamba. "Nililifyeka kwa panga, mama yenu akiwa na mimba ya kwanza..." Kimya. Basi! Ile tovuti ya bure hugeuza dakika kumi za mwanzo tu. Ilikuwa imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza, nami nilikimbilia kubonyeza.

Nikasimama. "Kaka, si ulikuwepo? Si uliitikia?" Akanitazama macho makavu. Akasema anachokumbuka yeye ni baba kutuombea tu. Muuaji! Wiki mbili nzima alijua sauti imekatika, akaninyamazia. Angeniambia siku ile ile, labda fundi angeliokoa faili. Nilipoifuata rekoda baada ya kikao, kwaya walikuwa wamesharekodi mazoezi yao juu yake.

Mama naye akasimama, akaanza kusema alichosikia. Baba mdogo akamkatiza. "Shemeji, tumekuuliza mara mbili, ukasema huna neno. Sasa hili umefundishwa?" Wazee wakaguna. Nyumba na shamba akapewa kaka.

Leo mama analala na wanangu kwenye chumba changu cha kupanga. Juzi kaka alituletea debe la mahindi, eti msaada. Mahindi ya shamba la Nakwa! Nilimfukuza na debe lake, majirani wakatoka kutazama. Sijutii hata kidogo.

Lakini kuna swali nililomwuliza mama, najuta kuliuliza. Kwa nini hakusema mapema, alipoulizwa? Akanijibu kwa upole, "Si wewe uliniambia mashine itasema?"

Nimlaumu nani?

Zile dakika kumi nimemwekea kwenye simu yake. Kila asubuhi anazisikiliza mpaka pale zinapokatika. Kisha anaendelea mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye nyumba na shamba. Nasikiliza mimi tu.

Ndugu zangu, msifute sauti mliyopewa kabla hamjaisikiliza mpaka mwisho, hata kama mnalia. Na mwenye mdomo mwacheni aseme angali anaulizwa. Mimi mama yangu nilimziba kwa mkono wangu.