Mstari wa Chaki

Jirani yetu, karani wa shule, alikuwa na raha moja ya ajabu tangu utotoni. Dada yake alikuwa fundi cherehani. Kila chaki ilipokwaruza kitambaa na mkasi ukaanza kula, krrp, krrp, mdogo mtu alisisimka. Msisimko mtamu ulianzia kisogoni ukashuka mgongoni taratibu, akabaki amelegea chini ya meza ya kushonea.

"We mtoto, ungekuwa paka ungekoroma," dada mtu alimtania.

Fundi huyo alikuwa na utaratibu wake: hakushika mkasi mpaka mstari wa chaki umezunguka na ncha zake zimekutana.

Miaka ilipita, dada mtu akaugua moyo. Kutoka kwake hadi kwa karani ni mitaa miwili tu. Mitaa miwili!

"Njoo ukae na mimi hata saa moja," alimwambia kwenye simu.

"Nimebanwa, dada. Nirekodie tu huo mkasi wako. Nikiusikia natulia."

Na dada mtu, ambaye hakuwahi kumnyima kitu, akamrekodia. Dakika kumi na mbili. Waliomkuta amefariki walisema alikuwa ameegemea mto, mkasi mkononi, na kitambaa kizuri alichojiwekea mwenyewe kimebaki vipande vyembamba. Rekodi ilikuwa imeshatumwa.

Wiki moja baada ya mazishi, saa ya mapumziko, karani alifunga mlango wa ofisi, akachomeka waya za simu masikioni. Alilia. Lakini mwili hauna haya. Msisimko ulikuja uleule, mtamu vilevile, naye akajichukia kwa kuufurahia.

Dakika ya kumi na mbili ikafika. Ikapita. Mkasi haukunyamaza. Alitazama simu, kioo kimezima. Akachomoa waya. Mkasi ukaendelea, nyuma yake.

"Kaa wima," sauti ilinong'ona. "Nikupime."

Kitu kikavu, cha baridi, kikamgusa kisogoni. Kikatambaa. Alijua anapaswa kuinuka. Lakini alikaa wima, kama alivyoambiwa. Raha ilikuwa kubwa kuliko siku zote.

"Endelea, dada," alinong'ona.

Alasiri hiyo mwalimu wa hesabu, shoga yake, alimwona. "Una chaki shingoni," alisema, akampangusa kwa kitambaa chenye maji. Haikutoka.

Tangu hapo karani akawa anajifunga mtandio hata kwenye joto. Mapumziko yakifika, anajifungia. Akitoka, macho mazito, anatabasamu peke yake.

Siku moja aliinama kuokota ufunguo, mtandio ukateleza. Mwalimu akaona mstari mweupe umezunguka shingo kutoka pande zote mbili. Kooni zimebaki ncha mbili, na kati yake nafasi ya kidole kimoja.

"Futa hiyo rekodi ya dada yako uliyonisimulia," mwalimu alimsihi kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Niliifuta siku ileile ya kwanza," alisema karani. "Aliniomba saa moja tu, shoga. Saa moja nikamnyima."

Kengele ya mapumziko ikalia. Aliingia ofisini, akakomea mlango.

Mwalimu alitega sikio. Ndani chaki ilikwaruza. Ikanyamaza.

Krrp.

Mlango ulipovunjwa, hapakuwa na mtu. Dirisha lile lina nondo. Kiti kilikuwa bado kina joto, na juu yake ulikuwepo mtandio, umekatwa vipande vyembamba vilivyonyooka, kazi ya fundi hasa.