Kadi ya Saba

Siku ya chanjo, chumba cha kungojea cha daktari wa mifugo kilifurika hadi mlangoni. Mbwa wanabweka, paka wanafoka ndani ya vikapu, wenyewe wanasukumana kwa viwiko huku wakiombana radhi. Katika purukushani hiyo akaingia kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, amekumbatia kreti la vitoto sita vya mbwa, akamkanyaga mguu msichana wa aproni ya bluu na kitambaa chekundu kichwani.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Utanionaje, kaka, na macho yote yako kwa wanao? Mama yao kakutelekezea?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, masikio yamemwiva.

Msichana alikuwa mkata manyoya ya mbwa, na mjini wote walimwita Makasi. Alipenyeza vidole ndani ya kreti. "Hawa wana damu ya pudo, wale mbwa wasiomwaga nywele. Wamechanganywa na nani?"

"Na mbwa wa labrado. Kizazi cha kwanza, nusu kwa nusu."

"Basi ni bahati nasibu. Huyu manyoya yatajisokota, na huyu mwenzake atalifunika kochi zima kwa nywele. Wanunuzi mnawaambia?"

"Asiyetaka nywele tunampa mtoto ambaye mama yake chotara kapandishwa tena na pudo, robo tatu pudo. Na ukubwa unafuata pudo aliyetumika: wa pudo mkubwa anakupita goti, wa pudo kibete unambeba mkobani. Yote yamo kwenye kadi ya kila mtoto, bibie. Nimeandika kadi mia nne, na hakuna hata moja niliyodanganya."

"Na imeandikwa kwamba akiachwa peke yake analia kama mfiwa? Kwamba asipochanwa kila siku manyoya yanakuwa mkeka, na mkono unaokufa ganzi kuufumua ni wangu?"

"Hilo sijaandika."

"Andika."

Kijana akaomba namba yake ya simu, eti akisahau maneno amuulize.

Alisahau kila jioni. Alimpigia akiwa kwenye banda lao la kuzalishia mbwa, mbwa wakipiga kelele nyuma yake. "Laazizi, umekula?" "Nimekula nywele, mpenzi. Leo nimenyoa tisa." Jumapili walikutana kwenye ghorofa ya juu ya soko jipya, yeye kavaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, kijana kavaa lile lile shati. "Unalo moja tu, Karani?" Makasi akamtania kwa jina alilompa kwa ajili ya zile kadi. "Ninayo matano, yote meupe. Mama ndiye anayenunua."

Mama huyo ndiye mwenye banda. Makasi alilijua banda hilo kabla hajamjua mwanawe, na Jumapili ya tatu alisema wazi.

"Baba yangu alikuwa akisafisha mabanda yenu. Miaka kumi na saba iliyopita, madume mawili yaligombana, akatumwa kuyaachanisha kwa mikono mitupu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo. Mama yako akampa barua ya kumfukuza kazi, mistari mitatu: uzembe. Kama hilo litakukwama kooni, useme sasa."

Karani alimshika mkono. "Nitamwambia mama mwenyewe. Kabla hatujaja kwenu kuposa, atakuwa anajua yote."

Mwenye banda alikuwa mwanamke wa maneno matamu kwa wageni wake. Aliwapakatisha vitoto na kuwaambia kwamba damu mbili zikikutana, mtoto hutoka imara kuliko wazazi wake wote. Lakini kila aliyetaka kuingia ukoo wake alidaiwa vizazi vitatu kwa maandishi: nani kamzaa nani, na kafanya kazi gani. Mabinti wawili walikuwa wameshakataliwa hivyo. Kuchanganya kulikuwa kwa mbwa.

Siku ya posa iliwekwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Saa sita mchana Karani alimtumia Makasi picha za kadi za watoto wa mbwa ili apange zamu za kunyoa. Kadi sita kwa vitoto sita. Ila zilikuja saba.

Ya saba ilikuwa yake yeye, Makasi. Ni karatasi ile ile ya mbwa, mwandiko ule ule mzuri. Kimo: wastani. Tabia: mcheshi, mchapakazi. Mama: mshonaji. Baba: mwalimu mstaafu.

Alizima mashine ya kunyolea, akamwachia mwenzake mbwa aliyenyolewa nusu kichwa, akapiga simu.

"Karani, baba yangu amestaafu ualimu lini?"

"Mpenzi, nisikilize. Mama alitaka kadi, na bandani hakuna karatasi nyingine..."

"Karatasi sina ugomvi nayo! Niandike hata nina mkia. Kadi mia nne hukudanganya hata moja. Mbwa akiwa na babu koko, unaandika koko. Mimi ndiye umenitafutia baba mwingine?"

"Nilitaka tupite kwanza. Tukishaoana ningemwambia taratibu."

"Na leo mama yako angemsalimia nani? Si angeuona ule mkono?"

"Ningesema ajali ya gari."

Hata yeye alisikia alichokisema. Makasi alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetereka. "Nakupenda, mjinga wewe. Mwambie sasa. Akikataa, njoo mwenyewe kwa miguu, nitakupokea. Ila baba yangu haingii kwenu kwa jina la kazi ya mtu mwingine."

"Namwambia sasa hivi. Usikate." Akaitumbukiza simu mfuko wa shati.

Makasi alisikia viatu vyake juu ya saruji, mlango, kisha sauti ya mama. "Baba, hujavaa tai? Njoo nikufunge."

"Mama, kuhusu ile kadi. Baba yake Makasi..."

"Ana nini? Usiniambie ana jambo, mwanangu, nimeshawaalika shangazi zako."

"Yule mzee... Unamkumbuka yule mfanyakazi wa..."

"Mfanyakazi gani? Inua kidevu."

Karani aliinua kidevu. Makasi alisikia kitambaa cha tai kikikwaruza simu.

"Hakuna, mama. Nilitaka kusema kwamba mzee ni mwalimu wa siku nyingi. Umsalimie kwa heshima."

"Walimu nawaheshimu sana," mama akasema.

Makasi alikata. Simu iliita mara moja, mara nne, mara tisa. Aliifungia kwenye droo pamoja na vitana, akavua aproni, akaenda nyumbani.

Baba yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti ili asikunje shati jipya la samawati. Tangu asubuhi alikuwa akijifunza kusalimiana kwa mkono wa kushoto, mbele ya kioo, asimtie mgeni aibu.

"Wako njiani?"

"Hawaji, baba."

"Wamenikumbuka?"

"Hapana. Nimewakataa mimi."

Kwa mkono mzima mzee akaanza kutafuta kifungo cha juu.

"Basi nilivue?"

"Kaa nalo, baba," Makasi akasema, akavuta kiti, akaketi karibu yake. "Kaa nalo mpaka jioni."