Soksi ya Pili ya Ambani

Ambani Lumadede, winga wa raga, alikuwa akikimbia katika uwanja wa mazoezi jijini Nairobi, na huko Nakuru, ndani ya ukumbi wa mashabiki uitwao Skramu, miguu ya kushoto ya watu wapatao thelathini ilikuwa ikirukaruka chini ya meza. Hakuna skrini iliyowashwa, wala hakuna aliyeihitaji. Kila mmoja alikuwa amefumba macho, glasi mkononi, na mguu mmoja umevikwa soksi ndefu ya kijani iliyopanda hadi katikati ya paja. Winga yule alipokata kona, mapaja yote yalikaza kwa pamoja, na roboti-mhudumu ikasimama na trei yake kungoja meza zitulie.

Hiyo ndiyo soksihisi. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hunasa kila mkazo, kila mguso na kila uchungu wa mguu wa mvaaji wa kwanza na kuupeleka kwenye mguu wa mvaaji wa pili, popote alipo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Soksihisi ilikuja kuwakosoa wahenga.

Mhandisi aliyeibuni alikuwa ameketi kwenye kona ya ukumbi huohuo, bila soksi yoyote ya kijani, akijifanya anakagua kipokezi cha ukutani. Jina lake Jepkemei, na Ambani ni mumewe. Kipokezi hakikuwa na ubovu wowote, na hata kingekuwa nao, roboti-fundi ingetosha. Jepkemei aliletwa pale na wivu. Tuseme hivyo waziwazi, maana yeye mwenyewe alikuwa akijidanganya tangu asubuhi kwamba amekuja kikazi.

Soksi ile aliibuni kwa ajili ya nyumba yake tu. Ambani alipokatika kano za goti mara ya kwanza, kila akiulizwa alijibu "niko sawa," kama wanavyojibu wacheza raga wote hata wakiwa juu ya machela. Jepkemei alichoka na hiyo "niko sawa." Akafuma jozi moja, soksi moja ya mume na moja ya mke, na kwa miezi kadhaa waliliuguza goti lile pamoja. Hawakuwahi kuwa karibu namna ile, si kabla wala baadaye. Kisha chama cha raga kikapata habari, na Ambani mwenyewe ndiye aliyesema, "Wacha na wao wasikie, ni watu wetu." Soksi ya pili ikafumwa mara elfu, mara laki, mpaka kila mtaa ukawa na wavaaji wake. Siku hiyo Jepkemei alivua yake na kuitia kwenye droo. Jozi ya soksi ni ya miguu miwili, alisema moyoni, na hakuwa tayari kuwa mguu wa laki moja na kitu.

Jioni ile kulikuwa na Kura ya Goti. Madaktari, pamoja na mashine zao za kuona ndani ya mfupa, walikuwa wamempitisha Ambani mara mbili arudi timu ya taifa, na mara zote mbili akatolewa kwa machela. Mara ya mwisho mashabiki walikuwa wamelalamika wiki nzima kwamba goti linakwaruza, na hakuna aliyewasikiliza. Basi chama kikaweka sheria mpya. Wavaaji wa soksi ndio wangeamua, baada ya mazoezi ya mwisho, kama atacheza Jumamosi dhidi ya Fiji au la. Asiyevaa soksi hakuwa na kura. Kwa hiyo mke hakuwa na kura.

"Mimi nasema apumzike," alisema Kamanja, mwenye ukumbi, mazoezi yalipoisha na macho kufumbuka. "Huyu kijana tumemlilia mara tatu. Ya nne sina machozi."

"Mzee, hatujakuuliza habari ya machozi," alimjibu mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, mwenye duka la rangi za nyumba. Aliitwa Akoth. "Mguu unasemaje?"

Kamanja akajikuna shingo. "Mguu uko sawa. Hapo siwezi kuwadanganya."

"Haya basi."

"Lakini kuna yule mtoto mpya wa winga. Anaweza kuanza yeye."

"Nilijaribu soksi yake wiki jana," Akoth alisema. "Ni kama kukimbia na mguu wa meza." Ukumbi ukacheka. "Ambani akikimbia, bana, mimi husahau nina kilo ngapi. Akirudi Jumamosi, tunarudi sote. Na hii goti naijua kuliko anavyoijua mwenyewe. Haina kitu."

Kule kwenye kona, Jepkemei aliangusha bisibisi. Kamanja aligeuka, akamtazama vizuri, akaachia tabasamu pana. "Huyu si shemeji? Shemeji, karibu. Mbona umejificha huko kama mpelelezi?"

Wote wakaanza kumwita shemeji, wazee kwa vijana, kwa maana Ambani alikuwa ndugu yao. Heshima yao ilimchoma kuliko matusi. Akoth alimvutia kiti karibu naye.

"Shem, usiwe na wasiwasi. Huwa nalala nayo," alisema, akiipapasa soksi yake. "Wengi huvua usiku. Mimi nasema, kama mwenyewe yuko hewani, kwa nini nimwache peke yake?"

"Usiku huizima," Jepkemei alisema. Ndivyo alivyodhani siku zote.

"Haizimi hata siku moja. Akiamka, kwanza anakaa hapo kitandani kidogo, mguu hajaukanyaga. Halafu anaanza na wa kulia. Hata mimi siku hizi ndivyo ninavyoamka. Mume wangu ananicheka."

Jepkemei alihisi uso unamwaka moto. Alikijua kile kituo cha kitandani, Jumapili Ambani akipewa ruhusa ya kuja nyumbani kutoka kambini. Miezi yote alidhani mumewe anasali, na kwa heshima ya sala alijigeuza ukutani asimkatize. Huyu muuza rangi alijua zaidi. Alitamani kumshika mabega na kumuuliza ni kwa haki gani. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, nao wa Jepkemei ulikuwa umekwisha kula nyama na kufika mfupani.

Kura ikaanza. Skramu walikuwa na desturi yao. Anayesema ndiyo husimama, na wote waliosimama hupiga sakafu kwa mguu wa soksi kwa pamoja, ndipo kipokezi kihesabu. Akoth alisimama wa kwanza. Wakafuata wengine, na mwishowe Kamanja naye, huku akinung'unika kwamba mguu umemshinda nguvu.

Jepkemei aliwatazama kwa chuki, na mtu mwenye chuki hutazama kwa makini. Kila mmoja wao, kabla ya kuinuka, alishika ukingo wa meza. Kila mmoja aliinukia mguu wa kulia. Kisha wakaushusha ule wa kushoto polepole, vidole kwanza, kisigino baadaye, vijana wa chuo sawasawa na Kamanja mwenye mvi. Walipopiga sakafu, mlio ulikuwa mdogo kwa umati ule. Hakuna aliyekunja uso.

"Akoth," aliita. "Umeumia mguu?"

"Mimi? La."

"Mbona umeshika meza?"

Akoth aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Si ndivyo watu husimama?"

"Niazime soksi yako."

Soksi haiazimwi, kila shabiki anajua hilo, na Akoth alirudi nyuma hatua moja. "Shem, wewe ndiye uliyezifuma. Unayo yako."

"Iko kwenye droo. Tafadhali, dada."

Akoth alivua shingo upande, akiikunja taratibu, akampa bila kumtazama machoni. Jepkemei akakunja suruali, akaivuta soksi mpaka juu ya goti. Ilikuwa bado na joto la mwanamke mwingine.

Uchungu ulimwingia chini ya pia ya goti, ukapanda hadi nyongani. Alishika meza. Na Ambani hakuwa anakimbia wakati huo, alikuwa ameketi tu kwenye benchi mahali fulani, amepumzika. Machozi yalimtoka Jepkemei mbele ya watu wale wote.

"Hamsikii?" aliuliza.

"Kusikia nini?" alisema Kamanja. "Ametulia kabisa sasa."

Hapo mhandisi akaelewa. Mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake. Uchungu ulikuwa umeongezeka kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na ubongo wa kila mvaaji ukauzoea na kuuita mguu. Waliulizwa kama goti ni zima, nao wakalipima kwa miguu yao wenyewe, ambayo ilikwisha kujifunza kuchechemea. Mashine za madaktari angalau zilikuwa na mguu mzima wa kulinganishia. Katika nchi nzima aliyebaki na mguu wa namna hiyo na macho ya kumwonea Ambani uchungu alikuwa yeye, na wivu ndio ulioutunza.

Alipiga simu. Ambani alipokea mara moja.

"Goti linakuuma," Jepkemei alisema.

"Niko sawa."

"Ambani, nimevaa."

Akasikia pumzi ndefu ikishuka upande wa pili. "Umevaa lini?"

"Sasa hivi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua, Jep. Kila usiku naiacha wazi. Nilisema, siku utakayovaa utasikia, na utaniambia niache. Hukusema kitu, nikadhani umeshavaa. Nikaona basi ni uchungu wa kawaida, wa kuvumilika."

"Sikuwa nimevaa. Miaka minne."

"Miaka minne," alirudia. "Na hawa wote wanaosema niko sawa?"

"Wanachechemea, mpenzi. Wote. Hawajui."

Akoth alikuwa akisikiliza. Alitoka mezani, mguu wake mtupu, bila soksi, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Alitembea kama Ambani. Alijaribu tena, akijilazimisha kukanyaga kisigino kwanza, na goti lake, ambalo halijawahi kuguswa na mpira maishani, likakataa. Akaketi chini, akiwa amefunika mdomo.

"Watapiga kura ya ndiyo," Ambani alisema kwenye simu. "Wewe una kura ngapi?"

"Sina hata moja."

"Nipe hiyohiyo."

"Usicheze."

"Basi nitamwambia kocha." Ndipo Jepkemei akahisi kiganja, kipana na kikavu, kikilifunika goti lake na kulisugua kwa mviringo, kama walivyosuguana zamani. Uchungu haukupungua. Alifumba macho asikose chochote.

"Mwambie avue, shem," Kamanja alisema kwa sauti ya chini. "Avue, tupone sote."

Ni kweli alipaswa kumwambia. Alikuwa mhandisi, na alijua kila dakika ya ziada ilikuwa ikiwafundisha maelfu ya watu ulemavu usio wao. Akoth alimnyooshea mkono pale chini alipoketi.

"Nirudishie soksi yangu," alisema. "Hata kwa kumuaga tu."

Jepkemei aliutazama ule mkono. Kisha akaketi, akaishika soksi kwa vidole vyote kumi, na kuivuta juu zaidi.