Mguu wa Tatu wa Kuku

Kila asubuhi Mzee Povu hutandika kitanda upande mmoja. Upande wa pili hauna haja ya kutandikwa. Hakuna aliyeulalia tangu mkewe alipofariki, miaka miwili iliyopita.

Akimaliza kunywa chai, huenda kwenye chumba cha uani. Huko ndiko anakotengeneza sabuni, na ndiko alikopatia jina la Povu. Huvaa glovu ndefu na miwani. Hufungua dirisha, kwa sababu kostiki ni dawa kali na moshi wake hauna adabu. Kisha humimina na kukoroga, humimina na kukoroga.

Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alikoroga, mwingine alimimina, na wote wawili walibishana. Sasa Mzee Povu anakoroga na kumimina mwenyewe. Mara nyingine husema kwa sauti, "Taratibu, mke wangu!" Halafu hukumbuka kwamba yuko peke yake, na kuona haya kana kwamba kuna mtu amemsikia.

Sabuni ikikauka huikata miche. Kila mche huugonga mhuri wa mbao wenye picha ya kuku. Basi kuku huyo ana miguu mitatu. Miwili ni minene. Wa tatu uko katikati, mwembamba na mfupi.

Picha hiyo aliichora mkewe kwa penseli, miaka ishirini iliyopita. Mzee Povu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

"Mke wangu, umechora kuku au kigoda?"

"Mwache hivyo hivyo," mkewe alijibu. "Ana sababu yake."

Fundi seremala akauchonga mhuri. Mzee Povu hakuuliza ni sababu gani. Alikuwa bado anacheka.

Sabuni ilipata wateja. Ilitoa povu jingi na haikuchubua ngozi. Watu walipofika dukani hawakuuliza jina. Walisema tu, "Nipe ya kuku."

Siku moja mama mmoja anayefua nguo za watu alipiga hodi. Hata kukaa alikataa.

"Shikamoo, mzee wangu. Umetufanyia nini? Hebu ona mikono yangu!"

Vidole vyake vilikuwa vyekundu, na ngozi imebanduka. Mzee Povu alishtuka. Mama akatoa kipande cha sabuni kwenye mfuko. Kilikuwa na picha ya kuku. Mzee Povu akakisogeza machoni, akahesabu miguu.

"Huyu ana miguu miwili. Hii si yangu, mwanangu."

"Mwenye duka kasema ndiyo yenyewe. Eti ile ya miguu mitatu ndiyo feki. Na kweli, mzee wangu, nani kaona kuku wa miguu mitatu?"

Mzee Povu alimpa mche mmoja bure, akamwomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kisha akavaa viatu, akaenda dukani.

"Usinilaumu, mzee," alisema mwenye duka. "Mwenye sabuni hii kaja na gari na maboksi ya kupendeza. Anasema kuku ni wake, na yuko mbioni kumwandikisha serikalini."

"Kumwandikisha vipi? Mimi nina cheti! Kiko ukutani kwangu mwaka wa kumi na nane huu."

"Basi kilete tukione."

Mzee Povu alirudi nyumbani, akakitoa cheti ukutani pamoja na vumbi lake, akakileta. Mwenye duka akakisoma mstari kwa mstari. Akakigeuza, akatazama na nyuma.

"Mzee, hapa kuna jina la biashara yako. Kuku simwoni."

Kweli, kuku hakuwemo. Mzee Povu alitembea kurudi nyumbani na cheti chake kwapani. Njiani alitamani kumwambia mtu. Lakini amwambie nani? Alikuwa na binti mmoja tu, anayefanya kazi katika mji wa mbali. Baada ya mazishi binti alimsihi ahamie kwake. Mzee Povu alimjibu vibaya. "Mimi si mzigo wa kubebwa," alisema, mbele za watu. Binti aliondoka kesho yake akiwa analia. Tangu hapo simu zao zilikuwa za maneno matatu. "Mzima, baba?" "Mzima." "Haya." Mzee Povu alijua kosa ni lake. Lakini kujua kosa ni jambo moja, na kulisema ni jambo jingine.

Alipofika chumba cha uani alichukua kisu. Akauweka mhuri juu ya meza. Kama watu wanamcheka kuku wake kwa sababu ya mguu mmoja, basi mguu huo na uondoke. Akaweka ncha ya kisu pale pale, kwenye ule mguu mwembamba.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Bi Karani, jirani wa mtaa wa pili. Alifanya kazi ya ukarani ofisini kwa miaka mingi. Alipostaafu alifungua chumba chenye kompyuta, akawa anawasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni. Alikuja kununua sabuni, akakuta mtu ameshika kisu.

"Jirani, huyo kuku kakukosea nini?"

Mzee Povu alimweleza yote. Bi Karani alikivuta kisu taratibu, akakiweka mbali.

"Sikiliza, jirani. Cheti chako ni cha jina la biashara. Kinasema wewe ni nani. Hakilindi picha unayoipiga kwenye sabuni. Picha au jina linalotambulisha bidhaa linaitwa alama ya biashara, nayo huandikishwa peke yake. Wengi hawajui. Wanatundika cheti kimoja ukutani, wanalala usingizi."

"Na yule mtu akinitangulia?"

"Utapata taabu. Unaweza kumpinga, lakini itakubidi ulete ushahidi na uzunguke sana. Mwenye kuchelewa hula mifupa. Kwa hiyo tusichelewe."

"Basi nimkate mguu kwanza, aonekane kuku wa maana."

"Thubutu! Unaandikisha alama unayoitumia, jinsi ilivyo. Tena mguu huo ndio mali yako. Kuku wa kawaida wako wengi. Hata ukitaka kuandikisha maneno 'Sabuni Nzuri' watakukatalia, maana kila mtu ana haki ya kusema sabuni yake ni nzuri. Alama inatakiwa iwe tofauti na za wengine. Sasa niambie, nani mwingine ana kuku kama huyu?"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Mzee Povu alicheka kidogo.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Bi Karani na kitambulisho chake. Bi Karani alifungua tovuti ya ofisi ya usajili.

"Soma na wewe anwani hii hapa juu," alisema. "Hakikisha ni ya serikali. Kuna watu wana tovuti za kufanana, na wengine watakupigia simu wakuambie watakufanyia haraka. Usiwape hata shilingi."

Kwanza walitafuta kama kuna alama nyingine iliyofanana. Walimpata kuku mmoja, lakini alikuwa wa chakula cha mifugo, amechorwa kichwa peke yake. Kwenye sabuni hakukuwa na kuku hata mmoja. Yule mtu wa gari alikuwa bado hajaandikisha. Mzee Povu alishusha pumzi.

Kisha Bi Karani alifungua akaunti kwa jina la mzee na namba yake ya simu. "Akaunti iwe yako, si yangu," alisema. "Mimi nikihama leo, ujumbe uendelee kukufikia." Wakachagua kundi la bidhaa, lile lenye sabuni. Wakapiga picha alama ya mhuri kwenye karatasi nyeupe, ikiwa safi, wakaipandisha.

"Hapa wanataka maelezo ya alama. Niandike nini?"

"Andika kuku."

"Kuku tu?"

"Kuku ni kuku, jirani."

Bi Karani akaandika, "Picha ya kuku." Mzee Povu alilipa ada kwa simu, kwa namba iliyotolewa na tovuti yenyewe. Papo hapo ikaja namba ya ombi. Bi Karani aliichapa kwenye karatasi. "Itunze. Ombi limepokelewa leo, na tarehe ya leo ina uzito. Cheti bado. Wataalamu watalikagua kwanza."

Wiki zikapita. Mzee Povu alikoroga sabuni na kusubiri. Wateja walipungua. Kulikuwa na siku ambazo hakusema neno na mtu yeyote, toka asubuhi hadi anapofunga dirisha. Upweke ni mgeni asiyeaga.

Ndipo ujumbe wa ofisi ya usajili ulipoingia. Aliupeleka kwa Bi Karani wausome pamoja. Mkaguzi hakuwa amekataa. Alikuwa na swali moja. Chini ya kuku kulikuwa na kitu cha tatu. Ni mguu, au ni kitu kingine? Mwombaji aeleze katika siku thelathini. Asipojibu, ombi litahesabiwa limeachwa.

"Swali jepesi," alisema Bi Karani. "Haya, huo mguu wa tatu ni nini?"

Mzee Povu aliusogelea mchoro, akautazama upya.

"Sijui."

"Hujui? Miaka ishirini?"

"Alisema una sababu. Sikumuuliza. Nilikuwa nacheka."

Bi Karani hakumcheka. "Usibuni jibu," alisema. "Unachokiandika hapa ndicho kitakacholindwa. Mtafute anayejua."

Mzee Povu alirudi nyumbani akafungua sanduku la mkewe. Akatoa kanga, miwani yenye mkono mmoja, penseli fupi iliyotafunwa nyuma. Aliishika penseli ile kwa muda mrefu. Alimlilia mkewe, na alijililia mwenyewe. Ameishi na mtu miaka yote hiyo, akagonga mchoro wake kwenye maelfu ya miche ya sabuni, na hakuwahi kuuliza swali la maneno mawili.

Siku kumi zilipita, zikawa ishirini. Alijua kuna mtu mmoja tu wa kumuuliza. Siku ya ishirini na mbili, adhuhuri, alikaa kwenye kigoda cha uani akapiga simu.

"Shikamoo, baba. Mzima?"

"Marahaba. Mzima."

Kwa kawaida hapo ndipo simu huisha, lakini safari hii Mzee Povu hakukata.

"Mwanangu, nina swali. Yule kuku wa sabuni. Mguu wake wa tatu ni nini?"

"Baba! Hujui?"

"Sijui. Nisaidie."

"Siyo mguu wake. Ni wa kifaranga. Kajificha chini ya mama yake, mguu mmoja tu ndio unaoonekana. Mama aliniambia nilipokuwa mdogo. Siku zile nilikuwa naogopa wageni. Wakija wateja nilikuwa najificha kwenye kanga yake, mguu unabaki nje. Ndipo akachora."

Mzee Povu aliinuka, akaenda kuuchukua mhuri.

"Kile kifaranga ni mimi, baba. Upo?"

"Nipo." Akapitisha kidole juu ya ule mguu mwembamba. "Mwanangu, nilikishikia kisu kifaranga hicho. Kidogo tu nikikate." Akavuta pumzi. "Na yale maneno niliyokuambia siku ile, mbele za watu. Nilikukosea. Nisamehe."

Upande wa pili binti alikuwa akilia. "Nimekusamehe zamani, baba. Nilikuwa nangoja upige tu."

Jioni ile ile Bi Karani aliandika jibu, na Mzee Povu akamtajia neno kwa neno: "Kuku amesimama. Chini yake amejificha kifaranga. Mguu mmoja wa kifaranga unaonekana." Wakalituma.

Ombi likakubaliwa. Likatangazwa kwenye gazeti la alama za biashara, ili mwenye pingamizi alete. Muda ulikwisha, na hakuna aliyeleta. Cheti kikaja kwenye akaunti ya mzee. Bi Karani alikichapa, akaweka kidole kwenye tarehe ya chini. "Hapa ndipo kinapoisha. Ikikaribia, tunalipia tena. Usije ukakisahau ukutani kama kile cha kwanza."

Mzee Povu alikipeleka dukani. Safari hii kuku alikuwemo, na kifaranga wake. Bi Karani alikuwa amemwandikia yule mtu wa gari barua, kumtaka aache kutumia kuku kwenye sabuni. Mwenye duka alikisoma cheti mara mbili. Kisha akapanda ngazi, akayashusha yale maboksi ya kupendeza.

"Nisamehe, mzee. Niletee ya kwako. Yule mama wa kufua anaiulizia kila siku."

Binti alikuja kukiona cheti. Alikaa siku nne, akaondoka, kazi inamngoja. Nyumba ikanyamaza tena. Mzee Povu bado hutandika kitanda upande mmoja.

Lakini siku hizi akianza kukoroga huweka simu dirishani, ikiwa imefunguliwa sauti.

"Baba, nasikia unakoroga haraka."

"Wewe uko huko, umejuaje?"

"Mama alikuwa analalamika hivyo hivyo. Taratibu!"

"Usinifundishe kazi, kifaranga wewe."

"Nakufundisha!"

Nao hubishana mpaka sabuni ishike.