Amplifaya za Fundi Mhando

Ukumbi wa Chumbageni ulijaa watu wa harusi, na ulikuwa karibu kimya. Watu walicheza, mabega yanapanda na kushuka, midomo inafuatisha wimbo, lakini aliyepita nje angesikia viatu vikiburuzwa na mwimbaji mmoja asiye na ala tu. Muziki wote ulikuwa ndani ya vinong'onezi, vidude vya ukubwa wa punje ya choroko vilivyopandikizwa nyuma ya masikio ya karibu Tanga nzima. Kinong'onezi kiliizima sauti ya nje kwa mawimbi ya kuipinga, kisha kikaingiza ya kwake. Watu waliambiwa kinasafisha sauti. Hawakuambiwa kwamba neno lolote la kumpandisha mtu presha hugeuzwa sifa, tena kwa sauti ile ile ya msemaji.

Jukwaani Bi Salha alikuwa anatukana. Yeye ni mwimbaji wa mipasho tangu usichana, na tangu usichana hasimu wake ni Bi Somoe, mwimbaji mwenziwe aliyeacha kuimba, aliyekaa meza ya mbele na kijora chake cha zambarau. Bi Salha alimnyooshea kidole akamshushia:

"Sauti ya kuomba chumvi,
nani kakupa kipaza?"

Bi Somoe akatabasamu, akainamisha kichwa kushukuru. Jamani! Zamani ubeti huo ungerusha viti. Bi Salha alikataa kupandikizwa kidude, na alijua kinafanya nini, maana mashabiki walimsifia kwa maneno ambayo hakuyaimba. Aliumaliza wimbo ili uishe tu. Alikuwa amechoka, na wala si miguu wala koo. Alichoka kupiga ngumi kwenye mto wa sufi.

Baadaye Bi Somoe alimfuata nyuma ya jukwaa. Hawa wawili hawakuwahi kusemeshana nje ya nyimbo.

"Nimekuja kukuaga, Salha. Jumapili nahamia Korogwe kwa mwanangu. Ahsante kwa mazuri yako yote."

"Mazuri gani? Mimi nilikuwa nakutukana, wewe!"

Kinong'onezi kikafanya kazi yake. Bi Somoe akampapasa mkono. "Na wewe pia Mungu akuweke," alisema, akaondoka taratibu.

Bi Salha alikosa usingizi. Somoe akienda Korogwe akiamini anapendwa, ugomvi wao ungekufa, na ugomvi ule ndio kitu pekee walichokijenga pamoja maishani. Asubuhi alikwenda kwa Fundi Mhando, aliyepigisha muziki wao enzi za maspika.

"Fundi, zile ng'ombe zako mbili bado zinawaka?"

"Amplifaya? Zinawaka, dada, ila siku hizi zinaangulia vifaranga." Akamwonyesha bandani: masanduku mawili ya chuma, mayai yamepangwa juu kwenye pumba, yakinywa joto. "Zina moto kuliko kuku."

"Nataka ziseme. Somoe anaondoka."

Mhando alikuna kidevu, akaanza kuhamisha mayai.

Jumapili, punda-chuma, roboti la kubebea mizigo, lilizipima amplifaya likagoma kuzinyanyua. Wakazibeba kwa mikono wanaume wanne, pamoja na maspika, wakitukana njia nzima, hadi uani kwa Bi Somoe, Ngamiani. Mhando aliwasha mixa ya kuchanganyia sauti, akaziwasha amplifaya mwisho, kama ilivyo kawaida. Feni zikavuma. Ikanuka vumbi lililoungua na manyoya ya kuku. Pangaboi la barazani likapunguza mwendo kwa umeme kuvutwa, kisha ikasikika *tak!* na maspika yakawa hai.

Bi Salha akaimba ubeti ule ule. Kinong'onezi kiliundwa kupambana na sauti ya koo la mtu. Hii ya maspika iliingilia kifuani, na hakikuwa na la kufanya. Wageni waliokuja kumuaga walishika masikio. Bi Somoe aliachia sahani ya pilau.

"Umesema nini?"

"Umesikia," Bi Salha alijibu kwa kipaza. "Nani kakupa kipaza?"

"Tangu lini umerudi kuniimba hivyo?"

"Tangu siku zote! Sijakusifu hata siku moja, ushindwe na ulegee!"

Bi Somoe akakaa, kisha akasimama tena. "Mimi nilidhani unanihurumia," alisema. "Ulipoanza kunisifu nikajua nimekwisha. Nikaona hata Salha hanihesabu tena. Ndiyo maana niliacha kuimba."

Miaka yote hiyo Bi Salha alijua kidude kinageuza maneno, lakini alidhani mwenzake hamjibu kwa dharau tu. Alikaa juu ya amplifaya, joto likampanda mgongoni, na machozi yakamtoka waziwazi mbele za watu.

Bi Somoe alimpokonya kipaza. Sauti yake ilitoka imekwaruzika, imepasuka katikati, na amplifaya hazikuficha kitu. "Salha we," alianza. "Salha we..." Akakishusha kipaza.

"Nimelisahau," alisema kwa sauti ndogo. "Jibu langu la zamani nimelisahau."

Bi Salha alilijua lote, tusi kwa tusi, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akijiimbia mwenyewe jikoni kila alipobaki peke yake. Alifuta pua kwa ncha ya kanga, akausogelea mkono wenye kipaza.

"Meno," alimwambia, na mtaa mzima ukasikia. "Unaanzia kwenye meno yangu."