Joto Lililoitwa Malaria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Joëlle alichota maji, akafagia uwanja, kisha akafua shuka la mama yake. Siku hizo shuka lilikuwa likilowa jasho.

"Mama, uko na nini?"

"Malaria tu, mutoto yangu," alijibu Mama Agathe bila kumtazama.

Haikuwa malaria, naye alijua. Kabla vita havijafunga barabara, alitibiwa saratani Kampala. Alikatwa titi moja, akapewa vidonge vya kumeza kwa miaka mingi. Vidonge hivyo vilimletea joto la ghafla, kama la wanawake wanaokoma hedhi. Lakini aliona haya kumwambia binti yake wa miaka kumi na miwili, tena hakutaka aogope.

Siku moja risasi zililia mjini Bunia tangu alfajiri. Katika mtaa wao wa Mbunya hakuna aliyethubutu kwenda kituo cha afya. Mama Agathe akaanza kutiririka jasho, na Joëlle akaogopa kwamba mama yake atakufa. Alikimbilia nyumba ya pili, kwa Mama Kahindo, muuza dawa za majani.

"Mama iko na malaria mubaya."

Kahindo akampa majani ya kufukizia. Maskini Joëlle, alijitahidi! Alichemsha sufuria, akamfunika mama yake blanketi zito juu ya mvuke. Mama Agathe hakukataa. Angesema nini, baada ya kudanganya muda wote huo? Punde akazimia, na mkono wake ukatumbukia katika maji ya moto.

Risasi ziliponyamaza, Kahindo alimleta muuguzi Vicky. Alipokuwa akifungwa jeraha, Mama Agathe alisema kweli yote.

"Hakuna majani ya joto hili?" akauliza.

"Watu wanayauza," alisema Vicky, "lakini mengine yanaweza kugombana na vidonge vyako, ao kuamusha ule ugonjwa. Usinywe kitu bila kuuliza daktari. Vaa nguo nyepesi, acha pilipili, na vidonge usiviache."

Joto lilipungua polepole. Kidonda nacho kilipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena, na Mama Agathe hakuweza tena kumsuka binti yake.

"Ni miye nilikuunguza," Joëlle alilia.

"Hapana. Weye ulitibu ugonjwa niliokuambia. Nilikuficha kweli ili usiogope, kumbe nilikuacha uogope peke yako. Mutu anayekupenda akikuuliza unaumwa nini, umuambie kweli. Miye nilichelewa."